Jua limemla mdogo wangu, leo naambiwa mwanga utamponya

BARUA

Shikamoo Mama,

Nakuandikia saa nne usiku nimekaa barazani, kwa sababu ndani wamelala na sitaki waone ninachoandika. Mimi ni dada wa miaka 34, naishi kijijini huku Newala. Nina mdogo wangu wa mwisho, ana miaka 27, ana ualbino. Mama yetu hayupo tena, kwa hiyo mimi ndiye nimekuwa mama yake, na mjomba wetu ndiye mwenye kauli, kama unavyojua kwetu Wamakonde.

Mwaka jana msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho mdogo wangu aliota kipele mbele ya sikio la kushoto. Kikawa kidonda. Tulipaka kila kitu, mpaka unga wa vidonge vya rangi mbili. Kinafunga kigaga wiki moja, wiki ya pili kinapasuka. Mwezi wa saba nikampakia kwenye bodaboda mpaka hospitali. Daktari akakata kipande kidogo cha nyama kwenda kupima. Tuliporudi kuchukua majibu akatuambia ni saratani ya ngozi, akatuandikia rufaa ya Dar. Alisema atafanyiwa upasuaji na kuna uwezekano sehemu ya sikio ikaondoka nayo. Karatasi hiyo ninayo, nimeikunja katikati ya khanga kwenye begi.

Njia nzima ya kurudi hakusema neno. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Dada, watu wananikodolea macho tangu nizaliwe. Sasa nitembee na sikio nusu?"

Haikupita muda akaja mtu na pikipiki, amevaa koti jeupe, ametumwa na rafiki wa mjomba. Akasema huko Ulaya siku hizi saratani hawakati, wanaitibu kwa mwanga. Akatuonyesha video kwenye simu, mgonjwa amelala, amevalishwa miwani, anamulikwa taa nyekundu usoni. Dawa yake yeye ni matone ya kijani. Anasema yametengenezwa kwa rangi ya majani, yanakwenda kukaa kwenye saratani peke yake, halafu ukimulika kwa tochi yake nyekundu, saratani inakufa. Hakuna maumivu, hakuna madhara, na siku hiyohiyo mgonjwa anakwenda shamba. Chupa tano na tochi ni laki nane. Mjomba akatanguliza laki mbili, tukapewa chupa moja na tochi.

Leo ni usiku wa kumi na moja. Kila baada ya isha nazima taa, anaweka matone kumi chini ya ulimi, tunasubiri nusu saa, halafu namshikia ile tochi karibu na kidonda kwa dakika ishirini. Nahesabu kwa simu. Chumba chote kinakuwa chekundu, na nywele zake nazo zinakuwa nyekundu, kama vile nimekaa na mtu mwingine. Hatuongei.

Mama, sioni kinachopungua. Kidonda kimeanza kunuka, na juzi kilitoka damu akiwa usingizini, mto ukaloa. Nilipompigia muuzaji akasema hiyo ndiyo saratani inatoka, tusikatize dozi. Mjomba sasa anataka kuwauzia watu wa kangomba, wale walanguzi wa kupima kwa bakuli, korosho zikiwa bado maua, apate laki sita zilizobaki. Mimi naogopa kusema. Nikisema, nitaambiwa nataka mdogo wangu akatwe.

Nisaidie. Hii dawa ya mwanga ipo kweli au tumeibiwa? Na kinachonichanganya zaidi ni hiki: tangu akiwa mtoto tunaambiwa mwanga wa jua ndio adui yake. Iweje mwanga huohuo uje kumtibu?

Kitu kingine nilitaka kusahau. Chini ya taya, upande huohuo, pameota kitu kama punje ya harage. Hakimuumi. Sijui kama kinahusika.

Dada wa Newala


JIBU

Marahaba mwanangu.

Nianze na hilo harage. Umeliweka mwisho kabisa, kama mtu anayetoka dukani akakumbuka kiberiti, lakini nilipolisoma nilivua miwani.

Saratani inayowapata zaidi watu wenye ualbino huku kwetu ni ile ya seli bapa, za tabaka la juu la ngozi. Hukuniandikia daktari aliitaja ipi, ila yoyote inayoanzia karibu na sikio, ikianza kusafiri, vituo vyake vya kwanza ni tezi za mbele ya sikio, chini ya taya na shingoni. Tezi hizo huweza kuvimba kwa sababu ya uchafu wa kidonda tu. Huweza pia kuvimba kwa sababu mgeni amekwishafika. Kwa macho hakuna anayeweza kutofautisha, hata mimi niliyezeekea wodini. Daktari atapapasa, atapima kwa ultrasaundi, atachoma sindano nyembamba anyonye chembe kidogo zikaangaliwe maabara. Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye tochi na chupa, jua kwamba safari yenu ni wiki hii. Msisubiri korosho.

Sasa tuje kwenye swali lako.

Tiba ya mwanga ipo, tena si ya jana. Ngoja nikueleze kwa mambo ya nyumbani. Wewe ni mtu wa Newala, bila shaka umewahi kubangua korosho kwa mkono. Mafuta ya ganda yakikugusa yanakuunguza, iwe mchana, iwe usiku wa giza. Yale hayamsubiri mtu. Lakini maji ya ndimu ni mengine. Nikiwa msichana Mikindani nilikaa uani asubuhi nzima nakamua ndimu za achari, jua linanipiga mikononi. Sikusikia kitu. Baada ya siku mbili mikono ikababuka malengelenge, ikaacha michirizi myeusi iliyokaa wiki nyingi, mama mmoja akadhani nimechorwa hina mbaya. Ningezikamua zile ndimu usiku nisingepata hata alama. Ndani ya ndimu mna kitu kinacholala mpaka jua likiamshe.

Dawa za tiba ya mwanga ni za tabia hiyo, ingawa kemia yake ni nyingine. Ikiwa gizani haidhuru kitu. Ikipigwa na mwanga wa rangi inayoitaka, inaamka, inauchukua ule mwanga na kuirushia nguvu oksijeni iliyomo mwilini. Oksijeni hiyo inageuka kuwa kali kupita kiasi, inaunguza seli iliyo karibu nayo, halafu inazimika yenyewe kabla haijafika mbali. Inaziba pia vijishipa vinavyolisha uvimbe. Ndiyo maana madaktari waliipenda: unaweza kuchagua pa kumulika, na pasipomulikwa pakabaki salama.

Aliyeanza kuliona jambo hili alikuwa mwanafunzi wa udaktari huko München, Ujerumani, mwaka 1900, jina lake Oscar Raab. Alikuwa akijaribu rangi iitwayo akridini kwenye viumbe vidogo sana vya majini. Vilivyokuwa kwenye mwanga vilikufa, vilivyokaa gizani vikapona, na rangi ni ileile. Mwalimu wake, Hermann von Tappeiner, hakulidharau jambo hilo. Kufikia mwaka 1903 yeye na mwenzake Jesionek walikuwa wanapaka eosini kwenye uvimbe wa ngozi wa wagonjwa na kuuweka kwenye mwanga. Eosini ni rangi nyekundu ambayo maabara zinaitumia mpaka leo kupaka vipande vya nyama kabla ya kuviangalia kwa hadubini. Huenda hata kipande cha mdogo wako kilipakwa hiyo.

Halafu kuna Friedrich Meyer-Betz. Huyu ndiye ninayetaka mjomba amsikie. Alikuwa daktari wa Kijerumani, akajidunga mwenyewe miligramu 200 za dawa ya namna hii, hematoporfirini, aone itakuwaje. Kisa chake kilichapishwa mwaka 1913 na picha zake zipo. Alipotoka juani uso ulivimba mpaka macho yakafumba, na mikono nayo hivyohivyo. Aliendelea kuliogopa jua kwa muda wa zaidi ya miezi miwili.

Dawa zilizokuja baadaye zimesafishwa na kupimwa, lakini tabia hiyo hazikuiacha. Porfimeri, ambayo Kanada iliiruhusu mwaka 1993 kwa saratani ya kibofu, na Marekani mwaka 1995 kwa wagonjwa ambao saratani imewaziba koo la chakula, inadungwa kwenye mshipa. Wanasubiri siku mbili hivi, ndipo wanapitisha mwanga mwekundu wa leza kwa uzi mwembamba mpaka ndani. Mgonjwa huyo anaagizwa ajifiche jua, na hata taa kali za ndani, kwa siku zisizopungua 30. Pazia zinafungwa. Akitoka lazima ajifunike kofia, glavu na miwani ya giza.

Rudi sasa kwa mtu wako wa pikipiki. Amemwambia mdogo wako ajifiche jua siku ngapi?

Amesema siku hiyohiyo aende shamba. Amemwambia hivyo kijana mwenye ualbino, kwenye uwanda wa Newala, mwezi wa tisa. Kama ndani ya ile chupa kungekuwa na dawa ya kuamshwa na mwanga inayofika kwenye damu kwa kiasi cha kuua saratani, mdogo wako angekuwa amebabuka uso mzima siku ya pili, angekuwa amelazwa. Hakubabuka. Namshukuru Mungu kwa hilo, lakini hilohilo ndilo linalokuambia kwamba ndani ya chupa hamna kitu cha kuamshwa. Dawa ya kweli ya aina hii inamfanya mgonjwa auogope mwanga, na muuzaji wa kweli angeanza na onyo hilo kabla hajataja bei.

Na maumivu je? Ipo tiba ya mwanga ya kupaka, Marekani iliiruhusu mwaka 1999 kwa mabaka makavu yanayotangulia saratani. Unapaka dawa kwenye baka, unasubiri ngozi iigeuze kuwa kile kitu cha kuamshwa, unamulika. Ni nyepesi kuliko ya mshipani, lakini wagonjwa wengi wanaungua wakati taa imewashwa, mpaka wauguzi wanawapepea kwa feni au kuwanyunyizia maji baridi, wengine wanaomba taa izimwe kidogo wapumzike. Wewe umemshikia tochi usiku kumi na moja na mnakaa kimya.

Nataka nikutulize kwenye jambo moja. Usijione mjinga, wala mjomba usimwone mjinga. Uongo wa mtu huyu umeshonwa juu ya kitambaa cha kweli. Ile video huenda ni ya hospitali halisi. Hata habari ya rangi ya majani haikutoka hewani, kwa sababu rangi ya damu yetu na rangi ya kisamvu ni za ukoo mmoja kikemia, na dawa nyingi za tiba hii zinatoka kwenye ukoo huo. Ulaya mwaka 2001 waliruhusu mojawapo, temoporfini, kwa saratani za kichwa na shingo. Lakini hiyo ni ya kudunga hospitalini, inatolewa kwa mtu ambaye njia nyingine zimemshinda, na mgonjwa anaanza kwa kukaa kwenye chumba cha mwanga hafifu akirudishwa kwenye mwanga kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Mtu hawezi kutoka hapo akaja kwenye matone kumi chini ya ulimi. Ingekuwa rangi ya majani ya kumeza inatosha, sisi wa kusini tunaokula kisamvu toka tumeota meno tusingekuwa na saratani hata moja.

Tuje kwenye tochi. Leo usiku, kabla hujalala, chukua tochi ya simu, ibane kwenye ncha ya kidole gizani. Kidole kitang'aa chekundu. Halafu ibane kwenye paja, uangalie upande wa pili. Hutaona kitu. Mwanga mwekundu ndio unaopenya nyama kuliko rangi nyingine, ndiyo maana wataalamu wanautumia, lakini hata huo unakwenda milimita chache, ukijitahidi sana sentimita moja. Baka jembamba unalimaliza. Uvimbe mnene wenye mizizi unaunguza juu tu, chini unaendelea kuota. Kwa hiyo saratani ya seli bapa iliyokwisha kuzama, miongozo ya madaktari haiipeleki kwenye mwanga, inaipeleka kwenye kisu. Na lile harage chini ya taya, kama kweli ni saratani iliyohama, taa ya sikioni hailifikii kabisa. Ungempeleka Ulaya yenyewe, kwenye hospitali ile ya kwenye video, wangekurudisha kwenye ushauri uleule alioutoa daktari wako mwezi wa saba.

Swali lako la adui anayegeuka mganga ni zuri, na ni wachache wanaoliuliza. Mwanga wa jua ni mchanganyiko. Unaomharibu mdogo wako ni miale ya urujuanimno, ile tusiyoiona kwa macho, inayokata-kata maandishi ya ndani ya seli. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna rangi inayoikinga, yeye hana. Mwanga mwekundu hauna nguvu hiyo. Mwekundu peke yake, bila dawa, ni sawa na taa ya nyuma ya gari, haukuumizi wala haukuponyi. Kwa hiyo ile tochi haikumwongezea saratani, hilo liondoe moyoni. Ilichokula ni siku zenu kumi na moja na laki mbili.

Sasa mjomba.

Usimkabili mbele ya watu, na usimwendee na maneno "tumeibiwa", maana aliyetoa pesa ni yeye na utakuwa umemwambia mjinga. Mfuate jioni akiwa ameshakula. Mweleze habari ya yule daktari wa Kijerumani aliyevimba uso, mwachie ampigie muuzaji yeye mwenyewe, amuulize hilo moja tu: mgonjwa akae ndani siku ngapi? Mzee anayemuuliza mtu swali na kusikia jibu linavyobabaika hahitaji kuhubiriwa. Na kuhusu kangomba nitasema kidogo kwa sababu linanipandisha presha. Kuuza korosho zikiwa maua, kwa bei ya mtu wa bakuli, ni kumlipa mwizi wa kwanza kwa pesa ya mwizi wa pili. Kama lazima kitu kiuzwe, kiuzwe kwa ajili ya nauli na chakula cha Dar. Mkifika hospitali, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii kabla hamjatoa senti. Ndiyo inayoangalia nani apunguziwe au asamehewe gharama. Chukueni barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali yenu, inaokoa mizunguko.

Halafu mpe mjomba kazi. Mwambie wewe huwezi kusafiri na mgonjwa peke yako, na wakubwa wa hospitali watataka mzee wa ukoo wa kuongea naye. Si uongo, uamuzi wa upasuaji ni mzito na mtahitaji kichwa cha pili. Mwanaume aliyekuwa analipia tochi ukimgeuza kuwa msindikizaji, nusu ya ugomvi imekwisha.

Mdogo wako sijamsahau. Sentensi yake ile niliisoma mara tatu. Sitamwambia sikio halina thamani, wala sitamdanganya kwamba halitaguswa. Pengine litapungua. Madaktari wa upasuaji huweza kuchukua ngozi pajani au nyuma ya sikio wakaziba, na makovu ya usoni huwa yanatulia kuliko mtu anavyoyawazia kabla. Wakati mwingine, kutegemea kidonda kilivyo, mionzi inatumika badala ya kisu au baada yake, na kwa hilo Taasisi ya Saratani Ocean Road ndiyo nyumba yake. Aulize yote hayo mwenyewe, kwa mdomo wake. Nimeona vijana wengi wakizungumziwa na dada zao kwenye chumba cha daktari wao wakiangalia sakafu. Yeye ana miaka 27. Mkae kimya aulize. Na kama mnaweza kumpata mtu mwingine mwenye ualbino aliyekwisha kupita kwenye upasuaji huo, akutane naye kabla. Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania, TAS, kina matawi mikoani, waulizeni. Maneno yangu mimi niliyeumbwa na ngozi nyeusi hayatamfikia kama ya huyo.

Ya kufanya kesho asubuhi hayana mambo mengi. Matone yaishie hapo, hayana dozi ya kumaliza. Chupa msiitupe, mwonyesheni daktari, mumwambie alikunywa kwa siku ngapi. Kidonda kisafishwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kifunikwe kwa shashi safi inayobadilishwa kila siku, na ule unga wa vidonge vya rangi mbili naomba nisiusikie tena. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi dakika kumi bila kufunua kuchungulia. Isipokoma, au akipata homa, msisubiri basi la Dar, nendeni hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo. Karatasi ya rufaa ikiwa imepitwa na tarehe, pitieni kwa daktari yuleyule. Ataguna kidogo, ataandika nyingine. Mtajieni harage kabla hajainua kalamu, kwa sababu mwezi wa saba nadhani halikuwepo, na linaweza kubadilisha alichoandika.

Ukiwa hapo mwombe amvue shati amkague mgongo, shingo na mikono. Mtu mwenye kidonda kimoja cha namna hii mara nyingi ana mabaka mengine makavu yenye magamba, hayajawa saratani. Hayo ndiyo hasa yale ambayo tiba ya mwanga inayaweza huko inakotumika, na huku kwetu yanagandishwa kwa naitrojeni ya baridi kali au yanapakwa dawa, mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hospitali ya KCMC, Moshi, ina chuo cha ngozi kinachotengeneza hata losheni ya kuzuia jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Waulize TAS huwa inafika kusini kwa njia gani. Na kwenye salfa mwaka ujao awe mtu wa kuhesabu mifuko kivulini. Akilazimika kutoka, iwe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, shati la mikono mirefu, kofia pana inayofunika masikio. Kapelo haifuniki masikio, na yeye ameshaona.

Umeniambia unaogopa kusema. Umeshasema, mwanangu. Barua hii msomee mjomba kama sauti yako itagoma, anza pale kwa Meyer-Betz.

Siku ya safari, mkikata tiketi ombeni viti vya mkono wa kushoto. Basi likishaipita Mingoyo linaelekea kaskazini na jua la asubuhi linapigia kulia. Kufika Nangurukuru huwa ni mchana, jua liko utosini. Hapo mshuke mle, mkirudi ndani muombe watu mbadilishane mhamie kulia, maana kuanzia Somanga mpaka Dar linakuja upande wa kushoto, na kidonda kiko kushoto. Mjomba akae dirishani.